Padri aliyekubali kuanza upya



Mwaka jana, katika majuma ya Majilio, binti mmoja wa kundi letu alitungoja baada ya mafundisho. Wenzake walikuwa wamekwisha kutoka, nasi tulikuwa tukikusanya vitabu. Alitueleza ya kuwa mama yake ni mgonjwa tangu miezi mitatu. Hospitali ilimpa dawa, dawa zimekwisha, na ugonjwa ungali pale pale. Shangazi zake wamekata shauri la kumpeleka kwa mganga kijijini, kwa sababu, kama wasemavyo, yuko mtu katika ukoo anayempunguza. Ndilo neno alilolitumia: anampunguza. Kisha akauliza: "Baba katekista, nikubali au nikatae?"

Tulimjibu upesi. Tulimkumbusha amri ya kwanza, tukamwambia ya kuwa mkristo hafuati ushirikina, tukamwagiza asali rozari pamoja na wadogo zake. Hayo yote ni ya kweli, wala leo hatuyakani. Binti akasema, "Sawa, Baba katekista," akainamisha kichwa, akaenda zake. Jumapili iliyofuata hakuja. Ile ya baadaye hakuja pia.

Sisi tunaowaandikia tumefundisha katekisimu muda wa miaka ishirini na minane. Kabla ya hapo tulisomea ualimu, na katika shule ile tulifundishwa jinsi ya kuandaa somo, jinsi ya kuuliza maswali kutoka jepesi kwenda gumu, jinsi ya kusimama ubaoni pasipo kuwapa wanafunzi mgongo. Hatukufundishwa la kufanya pale mwanafunzi anapouliza swali ambalo mama yake anaweza kufa nalo. Lakini usiku ule halikuwa jibu letu lililotunyima usingizi. Lilikuwa neno lile: kumpunguza mtu. Tulijua ya kuwa tumekwisha kulisoma mahali fulani, nalo limeandikwa na padri. Tukainuka, tukawasha taa, tukatafuta katika sanduku kitabu kidogo cha Kifaransa ambacho hatukukifungua tangu miaka mingi.

Kitabu hicho kinaitwa La philosophie bantoue, maana yake falsafa ya watu wa kibantu. Mwandishi wake ni Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji. Wengi wenu hamjapata kusikia jina lake, ingawa aliishi katika nchi yetu hii ya Katanga, akazungumza lugha yetu, na mawazo yake yakasomwa kutoka Paris hadi Dakar. Tunataka kuwasimulia habari zake kwa urefu kidogo, kisha tutarudi kwa binti yule.

Alizaliwa mwaka 1906 huko Berlaar, katika upande wa Ubelgiji unaosema Kiflama. Placide ni jina alilolipokea katika utawa. Alifika Kongo mwaka 1933, akapelekwa kwa Waluba wa Katanga, akafanya kazi kama walivyofanya mapadri wote wa siku zile: akatembelea vijiji, akafundisha, akabatiza, akajenga. Baadaye sana, katika kitabu kingine alichokitoa mwaka 1962 kwa jina la Notre rencontre, alisimulia mwenyewe jinsi alivyokuwa. Alikiri ya kuwa mwanzoni alijiona bwana na mwalimu. Yeye alikuwa na yote ya kutoa, na watu hawakuwa na lolote ila kupokea. Walimsikiliza kwa adabu, wakaitikia, wakabatizwa. Naye baada ya karibu miaka kumi akatazama nyuma akaona ya kuwa hakuwafikia.

Vijana, tunaomba msipite hapa haraka. Mtu ameacha baba na mama yake, amevuka bahari, amepata homa za nchi yetu, ametumia karibu miaka kumi ya ujana wake, halafu anasema: sikuwafikia. Angeweza kuwalaumu watu. Wengi walifanya hivyo. Walisema ya kuwa Mwafrika ni mgumu wa kuelewa, ya kuwa ukristo wake ni nguo ya Jumapili tu. Tempels naye aliona jambo lile lile walioliona wenzake, yaani kwamba mkristo aliyebatizwa vizuri, hata yule aliyesoma na kuvaa suti, ugonjwa ukimshika au kifo kikiingia nyumbani mwake, hurudi usiku kwenye njia za wazee wake. Lakini aliuliza swali jingine. Ikiwa watu wote, wenye kusoma na wasiosoma, hurudi mahali pale pale wanapofikwa na mambo makubwa, basi pale pana kitu gani? Mtu hakimbilii jengo tupu wakati wa mvua.

Akaanza kusikiliza. Alijifunza lugha, majina, methali, maamuzi ya wazee katika kesi, maneno ya kuaga wafu na ya kumpokea mtoto mchanga. Na kidogo kidogo aliona ya kuwa maneno hayo hayakutawanyika ovyo, bali yana shina moja. Kwa Mzungu aliyesoma falsafa ya Wagiriki, kila kilichopo kwanza kipo, halafu huenda kikawa na nguvu au kikakosa. Kwa Mluba, alisema Tempels, kuwapo ndiko kuwa na nguvu. Nguvu hiyo ya uzima si kanzu ambayo mtu huivaa na kuivua. Ndiyo mtu mwenyewe. Yaweza kuongezeka, yaweza kupungua. Mungu ndiye chanzo chake. Baada yake wanakuja wale wazee wa kwanza walioanzisha ukoo, halafu wafu wengine, halafu walio hai kwa cheo cha kuzaliwa kwao, na chini yao wanyama, mimea na mawe. Hakuna aliye peke yake katika mpango huo. Nguvu ya baba humgusa mtoto, uovu wa ndugu humgusa ndugu, kama vile ukivuta uzi mmoja wa utando wa buibui wote hutikisika.

Sasa mwaona kwa nini neno la binti lilituamsha. Shangazi zake hawakusema tu ya kuwa shemeji yao ana homa. Walisema ya kuwa uhai wake unapunguzwa, na ya kuwa kinachopunguza uhai ni uhusiano ulioharibika mahali fulani. Twaweza kuamini kwamba wamekosea juu ya chanzo, na hakika twaamini hivyo. Wala hatutaki mwanamke mgonjwa aachishwe hospitali ili jirani asiye na hatia aitwe mchawi. Tumeona nyumba zilizovunjwa kwa maneno ya namna hiyo, na watoto waliofukuzwa. Lakini swali lao si la kipumbavu. Ni swali la mtu anayetaka kuishi, na anayejua ya kuwa mtu haishi peke yake. Sisi tulilijibu kana kwamba lilikuwa kosa la hesabu.

Kitabu kilitoka Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1945. Tempels alikiandika kwa lugha yake ya Kiflama, na wakili mmoja wa mji ule, Antoine Rubbens, akakitafsiri kwa Kifaransa. Ni kitabu kidogo, lakini kilichafua maji. Kumbukeni siku zile zilikuwa za namna gani. Vita vilikuwa vinakwisha, na migodi ya Katanga ilikuwa imetoa shaba nyingi kwa ajili ya vita hivyo. Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma huko Élisabethville kwa ajili ya mshahara wao walipigwa risasi na askari. Katika nchi ya namna hiyo, kusema kwamba Mwafrika ana falsafa, ya kwamba hajapungukiwa na akili bali anafikiri kwa njia iliyokamilika, halikuwa neno la shule tu. Na Tempels hakuishia hapo, kwa maana aliandika pia katika magazeti kuyakosoa mambo ya serikali ya kikoloni. Mkuu wa Kanisa katika Katanga, Askofu Jean-Félix de Hemptinne, hakupendezwa na kitabu. Mwaka 1946 Tempels alirudi Ubelgiji, akakaa huko hadi 1949.

Mwaka huo huo wa 1949, Alioune Diop wa Senegal alikichapisha kitabu upya mjini Paris, katika nyumba yake ya Présence Africaine. Hivyo maneno ya wazee wa Katanga yakasomwa na vijana wa Afrika waliokuwa wanasoma Ulaya, ambao walikuwa wameambiwa tangu shule ya msingi ya kuwa babu zao hawakufikiri lolote.

Hapa inatubidi kueleza jambo letu wenyewe, ambalo hatujapata kuliandika.

Tempels aliporudi Katanga hakuendelea kuandika falsafa. Alipelekwa upande wa Kolwezi, kwenye kambi za wafanyakazi wa migodi. Kuanzia mwaka 1953 hivi, watu walianza kukusanyika kwake, kwanza wachache, bwana na bibi pamoja. Hakuwafundisha kwa kitabu. Aliwauliza wanatamani nini katika maisha yao, hasa hasa, mbele ya yote. Na majibu yalimrudia yale yale: kuwa na uzima wenye nguvu, kuzaa, na kuendelea katika watoto, kuungana na wengine, kutokuwa peke yake. Uzima, uzazi, mapendo. Hayo maneno matatu si tafsiri yetu, vijana. Ndiyo maneno yenyewe, kwa Kiswahili hiki cha kambi zetu, yaliyokuwa shina la mafundisho yao. Naye Tempels aliwaambia ya kuwa tamaa hizo hazipingani na Injili, bali ndizo Injili inazozijibu. Ya kuwa Kristu na Bikira Maria wameziishi kwa ukamilifu. Na ya kuwa mume na mke wanaofungulianana mioyo yao huzaa watu, si kwa mwili tu. Watu wakajiita Jamaa. Hawakuwa na kadi, hawakuwa na mchango wa kila mwezi, hawakuwa na rais wala katibu. Waliitana Baba na Mama, na padri mwenyewe akawa Baba Placide.

Mama yetu alikuwa mtu wa Jamaa. Baba pia, ingawa yeye alikuwa msemaji mdogo. Tulizaliwa katika kambi karibu na Kolwezi, miaka kadhaa baada ya Tempels kuondoka, na katika utoto wetu tulilala mara nyingi juu ya mkeka huku watu wazima wakizungumza mpaka usiku wa manane. Hatukuelewa mengi. Tulielewa tu ya kuwa baba yetu, aliyerudi kazini na vumbi masikioni, aliketi kando ya mama na kumsikiliza mbele ya watu, jambo ambalo baba za rafiki zetu hawakulifanya. Majirani waliwacheka. Wengine walisema ni dini ya siri, wengine wakasema mabaya zaidi. Na ni kweli kwamba kulikuwa na makundi yaliyopotoka, yaliyoitwa Katete, ambayo maaskofu walikataza mambo yao. Na aibu yao iliwaangukia wote, hata wale waliosali rozari na kufika misa kila asubuhi.

Tulipokwenda kusoma ualimu, mwenzetu mmoja wa bweni alituuliza mbele ya wengine: "Wazazi wako si wale wa Jamaa?" Tukasema hapana. Hatukutishwa na mtu, wala hapakuwa na adhabu. Tulitaka tu kuonekana watu wa mji, wenye kusoma, ambao mama zao hawazungumzi juu ya ndoto zao sebuleni. Hakuna jogoo aliyewika. Kengele ya chakula iligongwa, tukaenda kula.

Ni katika shule ile ile, mwaka wa mwisho, mwalimu wetu mmoja alituazima kitabu cha Tempels. Tulikisoma kwa siku mbili. Tunakumbuka mahali tulipokuwa tumeketi, nyuma ya jiko, chini ya mwembe. Kila baada ya kurasa chache tulikuta jambo ambalo mama alikuwa akilisema: ya kuwa mtu ana jina la ndani lisilopotea, ya kuwa ukimkasirikia mtoto wako usiku unamfunga, ya kuwa aliye peke yake amekwisha kuanza kufa. Ndani ya kitabu chenye Kifaransa kigumu, maneno hayo yaliitwa falsafa. Kinywani mwa mama tuliyaita mambo ya kambini. Mama alifariki mwaka 2009. Hatukumwambia kamwe ya kuwa tulimkana, na hatujui kama alikuwa amekwisha kujua.

Msidhani basi tunawaletea Tempels kama mtakatifu wa kuwekwa ukutani. Watu wenye akili kubwa, na Waafrika wa kwanza kati yao, wamempinga, na twapaswa kuwasikia. Mwaka 1950 mshairi Aimé Césaire wa Martinique alimdhihaki kwa uchungu. Kwa kifupi alisema: Wabantu wanataka mishahara ya haki, nyumba nzuri na chakula, nanyi mnawapa nini? Mnawapa heshima kwa falsafa yao, heshima ambayo haigharimu kitu, na wakoloni wanabaki na mali yote. Sisi wana wa kambi, ambao baba zetu walitoa shaba kwa miaka thelathini wakabaki na kikohozi, hatuwezi kulipuuza neno hilo. Tulipolisoma mara ya kwanza tulikasirika kwa ajili ya Tempels. Tulipolisoma mara ya pili tulikasirika kwa ajili ya baba.

Fabien Eboussi Boulaga wa Kameruni alirudi juu ya kitabu hicho mwaka 1968 kwa ukali wa mtu anayepima kila neno. Na Paulin Hountondji wa Benin aliuliza jambo ambalo kila kijana anayesoma angepaswa kuliuliza: yawezekanaje taifa zima liwe na falsafa moja pasipo mtu yeyote kujua ya kuwa anayo? Falsafa, alisema, hufanywa na watu wenye majina, wanaoandika, wanaobishana, wanaokubali kukosolewa. Tempels aliwajua Waluba, akaandika "Wabantu", kana kwamba kutoka Kameruni hadi Afrika ya Kusini wote hufikiri kwa kichwa kimoja. Tena alisema waziwazi ya kuwa Wabantu wenyewe wasingeweza kuipanga fikira yao kwa maneno. Ni Wazungu ambao wangewasaidia kuisema. Hapo, tukiri, anatuumiza. Bibi yetu aliyekuwa akikata kesi za ukoo mzima kwa methali tatu hakungoja mtu wa Berlaar ampangie mawazo yake. Hakuulizwa, ndiyo yote.

Jibu lililo zuri kuliko kukasirika lilitolewa na wale waliochukua kalamu. Padri Alexis Kagame wa Rwanda alitoa mwaka 1956 kitabu chake juu ya falsafa ya kuwapo katika lugha ya Kinyarwanda. Yeye alikuwa mwenye lugha, hakuhitaji mkalimani. Alionyesha ya kuwa lugha yenyewe hugawanya vyote vilivyopo katika mafungu manne, na yote yana shina moja la -ntu: umuntu, aliye na akili, ikintu, kisicho na akili, pamoja na wanyama, ahantu, mahali na wakati, ukuntu, namna ya kuwa. Kiswahili chetu kimebaki na mawili ya kwanza tu, mtu na kitu. "Mahali" tumelipata kwa Waarabu. (Jaribuni siku moja mchezo huu katika kundi: kila mmoja aulize nyumbani jinsi lugha ya bibi yake inavyoyasema yale mengine mawili. Sisi tuliufanya, na jioni ile hakuna aliyeangalia simu.) Kutoka Kivu, Padri Vincent Mulago aliandika juu ya umoja wa uzima kwa Bashi, Wanyarwanda na Warundi, akaulinganisha na umoja wa Kanisa. Hao walimsoma Tempels, wakachukua, wakaacha.

Nasi pia twachukua na kuacha. Falsafa yake tunaiona imezeeka. Sehemu zake nyingine hatuwezi kuzifundisha bila kuona haya. Lakini kuna jambo ambalo halijazeeka, nalo haliko sana katika kitabu cha 1945, bali katika maisha yaliyofuata. Katika Notre rencontre anasema ya kuwa alipitia hatua tatu. Kwanza alikuwa bwana. Halafu akawa mtu wa kuichunguza fikira ya watu ili awahubirie vizuri zaidi. Hata hapo, mwaelewa, alikuwa bado anawatazama kutoka nje, kama mganga anavyotazama ulimi wa mgonjwa. Hatua ya tatu ilikuja alipogundua ya kuwa wao pia wanamtazama, ya kuwa tamaa zile tatu ni zake yeye pia: naye alitaka kuishi, kuzaa, na kutokuwa peke yake. Padri mtawa kukiri mbele ya wachimba migodi na wake zao ya kuwa ana njaa ile ile waliyo nayo! Ndipo, alisema, walipokutana.

Mwaka 1962 alirudi Ubelgiji akiwa mgonjwa. Hakurudi tena kwetu. Wakubwa wa Kanisa walikuwa na mashaka juu ya Jamaa, naye akanyamaza, akaishi katika nyumba ya watawa hadi alipofariki huko Hasselt mwaka 1977. Miaka kumi na mitano ya kimya, kwa mtu aliyesema maneno mengi hivyo. Hatuna la kuongeza juu ya hilo.

Turudi kwa binti yetu. Jumapili ya tatu alipokosekana tulimweleza mke wetu habari yote. Yeye si msomaji wa falsafa. Anauza makala na unga sokoni. Alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Ulimwuliza mama yake anaumwa wapi?" Hatukuwa tumeuliza. Tulitaka kwenda peke yetu Jumatatu, tukiwa na kitabu cha sala. Akasema, "Tutakwenda wote wawili, na kitabu kitabaki."

Tulikwenda jioni. Shangazi wawili walikuwapo, nao walitupokea kwa adabu ya watu wanaongoja kuhubiriwa. Mke wetu akaketi chini, karibu na kitanda, akaanza kuuliza habari za watoto, za shamba, za deni la hospitali. Ilichukua muda mrefu. Mama yule alieleza ya kuwa dawa hazikushindwa. Zilikwisha, na fedha za kununua nyingine hazikuwapo, na kaka ya mume wake, ambaye angeweza kusaidia, hajaingia nyumbani humo tangu ugomvi wa kiwanja, miaka miwili sasa. Akasema, huku akitazama ukuta: "Hilo ndilo linalonipunguza." Shangazi mkubwa akaitikia kwa kichwa. Tuliketi pale, sisi mwalimu, tukitambua ya kuwa katika nyumba ile sisi ndio tuliokuwa hatujaelewa neno.

Hatukutoa mafundisho. Juma lile jumuiya ndogo ilichanga fedha za dawa, si nyingi. Wazee wawili wa parokia walikwenda kwa yule kaka; mara ya kwanza hakufungua mlango, mara ya pili alifungua. Bado hajafika nyumbani kwa shemeji yake, lakini Pasaka alituma mfuko wa unga. Mama anatembea kidogo uani. Kama shangazi walikwenda kwa mganga au hawakwenda, hatukuuliza, na twajua baadhi yenu mtatulaumu kwa hilo.

Binti alirudi katika kundi Jumapili ya pili ya Kwaresima. Aliketi nyuma. Tulikuwa tumeandaa somo juu ya sala, pamoja na maswali yake kutoka jepesi kwenda gumu, kama tulivyofundishwa. Kabla hatujaandika kichwa ubaoni aliinua mkono. Alitaka kujua kama bibi yake, aliyekufa bila ubatizo na ambaye jina lake ndilo analolichukua yeye, anaweza kuwaombea. Chumba kikanyamaza. Tukaweka chaki mezani, tukavuta kiti tukaketi, tukamwomba kwanza atusimulie bibi huyo alikuwa mtu wa namna gani.